Ndege Ndogo: Kuiunda na Kutafuta Kasoro Yake

1. Mlio juu ya Mavivi

Watoto wa Mavivi huijua ndege kwa masikio kabla ya macho. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, na mara mlio unasikika kutoka mbali. Kalamu zinasimama. Mlio unakua, unapita juu ya migomba, kisha unashuka polepole kwenye kiwanja. Mwalimu anangoja kidogo, maana anajua kwamba kwa dakika ile hakuna sikio linalomsikiliza.

Kiwanja cha ndege cha Mavivi kiko kaskazini ya mji wa Beni, kando ya barabara kubwa iendayo Oicha na Eringeti. Ndege zinazotua pale huleta watu, mali na dawa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umeingia katika sehemu za Beni. Chanjo yake ilitakiwa kuwekwa katika baridi kali sana, digrii 60 chini ya sifuri au zaidi. Haikuweza kukaa siku nyingi njiani. Ililetwa kwa ndege. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 2,000 kabla ya kwisha mwezi wa Juni 2020. Pasipo chanjo wangalikufa wengi zaidi.

Mtoto akitazama ndege huuliza: “Kitu kizito namna hii, mbona hakianguki?” Hilo ni swali jema. Mtu anaweza kulijibu kwa maneno, lakini jibu zuri hupatikana kwa mikono. Basi katika somo hili tutaunda ndege ndogo ya kartoni. Baadaye tutatazama ndege ndogo ya namna nyingine, ile inayoongozwa kwa redio na kucheza angani. Tena tutajifunza jambo moja linalowafaa wote wawili, mtoto mwenye ndege ya kartoni na fundi mwenye ndege ya watu: jinsi ya kutafuta kasoro.

2. Hewa inabeba

Chukua kipande cha kartoni kipana kama daftari. Kishike kwa mikono miwili mbele yako, kimelala kama meza, kisha kimbia. Sasa inua kidogo ukingo wake wa mbele. Utasikia kartoni inataka kupanda. Hakuna mtu anayeisukuma. Ni hewa inayoibeba.

Hewa haionekani, lakini ni kitu. Bawa likipita mbio katika hewa, huisukuma hewa chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Bawa likisimama, hewa hailibebi tena. Ndiyo sababu ndege kubwa hukimbia kwanza kiwanjani kabla ya kuruka.

Nguvu nne hushindana katika ndege yo yote. Ya kwanza ni uzito, unaoivuta chini. Ya pili ni nguvu ya mabawa, inayoiinua. Ya tatu ni nguvu ya mashine, inayoivuta mbele. Ya nne ni hewa yenyewe, inayoizuia isiende mbele. Ndege ya kartoni haina mashine. Hiyo hupata mwendo wake kwa kushuka kidogo kidogo, kama baiskeli isiyopigwa miguu kwenye mteremko.

3. Majina ya sehemu

Ndege ina kiwiliwili. Mbele pana pua. Kati pana mabawa mawili. Nyuma pana mkia wa namna mbili: mkia wa kulala na mkia wa kusimama.

Katika ndege kubwa kuna vipande vingine vinavyochezacheza kama mlango katika bawaba zake. Vile vilivyo kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa tutaviita vibawa. Hivyo huilaza ndege upande mmoja. Kile kilicho kwenye mkia wa kulala tutakiita kibao cha mkia. Hicho huinua pua na kuishusha. Kile kilicho kwenye mkia wa kusimama ni usukani. Huo hugeuza pua kulia na kushoto. Yashike majina hayo, maana tutayatumia tena.

4. Kazi ya mikono

Tafuta vitu hivi: kijiti kimoja chepesi, kilichonyoka, chenye urefu wa sentimeta 30, kartoni nyembamba isiyolegea, kama ya jalada la daftari, gundi, uzi, rula, mkasi, kijiti kimoja cha kibiriti, na udongo kidogo wa mfinyanzi. Kwa kijiti kile kirefu, sehemu nyeupe ya ndani ya shina la jani la mwale inafaa sana, kwa kuwa ni nyepesi na hukatika vizuri.

Kwanza, pima na kukata. Mabawa ni mawili, kila moja lina urefu wa sentimeta 18 na upana wa sentimeta 7. Mkia wa kulala una urefu wa sentimeta 14 na upana wa sentimeta 5. Mkia wa kusimama una kimo cha sentimeta 6 na upana wa sentimeta 5. Pima mara mbili, kata mara moja.

Pili, pitisha kila bawa juu ya ukingo wa meza, polepole, hata lipinde kidogo, mgongo wake uwe juu. Tazama bawa la kuku: nalo lina mgongo. Bawa lililopindwa hivyo huwa gumu zaidi, tena hubeba vizuri zaidi.

Tatu, unganisha mabawa mawili katikati kwa utepe wa kartoni na gundi. Usiyalaze sawasawa. Bawa moja lilale juu ya meza, na ncha ya lile jingine iinuke sentimeta 6. Weka jiwe au kitabu chini yake, uache gundi ikauke. Ukiitazama ndege kwa mbele, mabawa yatafanana na mikono ya mtu anayeanza kuinua mikono kusali. Umbo hili huisaidia ndege kujisimamisha yenyewe. Ikilala upande mmoja, bawa la upande ule hupata hewa zaidi, nalo huinuka tena.

Nne, pima sentimeta 8 kutoka pua ya kijiti, uweke alama. Weka mabawa juu ya kijiti, ukingo wa mbele ukifika kwenye alama. Yafunge kwa uzi, usiyagandishe kwa gundi, ili uweze kuyasogeza baadaye. Chini ya ukingo wa mbele, pitisha kijiti cha kibiriti ili bawa liinuke kidogo kwa mbele.

Tano, gandisha mkia wa kulala mwisho wa kijiti, na mkia wa kusimama juu yake. Sasa shika ndege mbali na uso wako, ufumbe jicho moja, utazame kwa mbele. Je, bawa la kulia na la kushoto yameinuka sawasawa? Mkia wa kusimama umenyoka? Kilichopinda sasa kitapinda hata angani.

5. Mahali pa mizani

Ndege ikiwa na mabawa mazuri lakini uzito wake haukukaa mahali pake, itaanguka. Kwa hiyo kila ndege, ndogo kwa kubwa, hupimwa mizani.

Pima upana wa bawa, uugawe kwa tatu. Weka alama chini ya kila bawa kwenye theluthi ya kwanza, yaani sentimeta 2 na kidogo kutoka ukingo wa mbele. Sasa ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili, kila kimoja juu ya alama yake. Mkia ukishuka, gandisha udongo kidogo puani. Pua ikishuka sana, punguza udongo. Acha wakati ndege inapolala sawa, au pua imeinama kidogo tu.

Tena angalia: udongo mbichi una maji ndani yake. Ukikauka, huwa mwepesi. Ndege iliyopimwa jioni huenda isiwe sawa asubuhi. Basi ngoja udongo ukauke, kisha upime tena.

6. Kuijaribu

Ijaribu asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka, mahali penye majani. Shika kijiti chini ya mabawa. Elekeza pua mbele na chini kidogo. Usiitupe kama jiwe la kufukuza nyani shambani. Ipeleke mbele taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake bakuli la uji.

Tuseme kaka na dada yake mdogo wameunda ndege moja. Jioni ilipita vizuri uwanjani kote, nao wakaenda kulala kwa furaha. Asubuhi wakairusha mbele ya rafiki zao. Ikapanda, ikasimama, ikaanguka kwa mkia. Rafiki wakacheka. Kaka akaona haya. Akasema, “Ni upepo.” Lakini majani ya migomba yalikuwa yametulia.

Akasogeza mabawa nyuma, akapinda mkia, akaongeza udongo, akaondoa kijiti cha kibiriti, yote kwa mara moja. Akairusha tena. Sasa ikapiga mbizi ardhini. Kwa hasira akataka kuikanyaga.

Dada akaishika. “Yaya,” akasema, “umebadilisha vitu vinne. Sasa tutajuaje ni kipi kilichoiharibu? Tuvirudishe vyote kama jana, kisha tubadilishe kimoja tu.”

Wakavirudisha. Wakaipima kwa vidole, na mkia ukashuka. Kumbe udongo ulikauka usiku, na kipande kimekwisha kudondoka. Wakaongeza udongo mdogo kama punje ya mahindi, wakaipima, wakairusha. Ikaenda. Hakuna aliyecheka tena.

Dada yule alikuwa fundi kuliko kaka yake. Alishika kanuni tatu: kutazama kwanza, kubadilisha kitu kimoja kwa mara moja, na kutoisingizia hewa kabla ya kujichunguza mwenyewe.

Hizi ni kasoro zinazoonekana mara nyingi, na dawa zake:

Ndege inapanda, inasimama, inaanguka, inapanda tena kama mawimbi. Mkia ni mzito, au umeitupa kwa nguvu mno. Kwanza itupe polepole. Ikiwa bado, ongeza udongo puani.

Ndege inapiga mbizi. Pua ni nzito. Punguza udongo kidogo. Ikiwa mizani ni sawa lakini bado inashuka, pinda ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala juu, kidogo sana, upana wa uzi.

Ndege inageuka upande mmoja sikuzote. Itazame kwa mbele. Bawa moja limepinda, au mkia wa kusimama haukunyoka, au bawa moja lina gundi nyingi kuliko jingine. Nyosha kilichopinda.

Ndege inayumbayumba kama mtu aliyelewa. Uzi umelegea na mabawa yanacheza. Kaza uzi.

7. Waliotutangulia

Usidhani kwamba ndege ndogo ni mchezo wa bure. Mwaka 1871, huko Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Ilikaa angani sekunde 11. Mkia wake uliisimamisha yenyewe, kama mkia wa ndege yako ya kartoni.

Mwaka 1878, huko Marekani, mtu mmoja aliyekuwa askofu katika dhehebu lake alirudi safarini na zawadi kwa watoto wake: kitu kidogo cha kuruka kwa mpira. Kilipovunjika, watoto wakajaribu kuunda vingine. Watoto wale walikuwa Wilbur na Orville Wright. Tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa ndege yao yenye mashine. Safari ya kwanza ilikuwa sekunde 12 na meta 36 tu. Lakini kabla ya siku ile walikuwa wamejaribu mabawa madogo mengi, wakiandika kila jambo katika daftari.

Na ndege ya kwanza iliyotoka Ubelgiji kuja Kongo? Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili waliondoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, wakafika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Walitumia siku 51. Walakini saa za kuruka zilikuwa kama 75 tu. Siku nyingi zilikwenda katika kungoja na kutengeneza. Mwenye haraka hafiki.

8. Ndege inayosikia

Sasa tutazame ndege ndogo ya namna ya pili. Hiyo haina mtu ndani yake, lakini hutii amri. Mwenye ndege husimama chini, ameshika sanduku dogo lenye vishikio viwili. Akisukuma kishikio, ndege hugeuka angani. Hakuna kamba kati yao. Inasikiaje?

Nyumbani huenda kuna redio. Inasikia sauti ya Radio Okapi, wala hakuna waya unaotoka kwenye nyumba ya watangazaji hadi kwenu. Sauti huja juu ya mawimbi ya redio. Hata ndege hii ina redio ndogo ndani yake, iitwayo kipokezi. Sanduku la mkononi hutuma amri, kipokezi hupokea. Kisha kipokezi huamrisha mashine ndogo ndogo ziitwazo sevo. Kila sevo ina mkono mmoja mdogo. Mkono ule huvuta fimbo nyembamba, na fimbo huinua au kushusha kibawa, kibao cha mkia, au usukani. Betri hutoa nguvu. Mota huzungusha propela, yaani lile panga la mbele linalokata hewa.

Mwaka 1937, huko Marekani, ndugu pacha wawili, Walter na William Good, walifaulu kuiongoza ndege ya namna hii kwa redio. Siku hizi kazi ya ndege zisizo na mtu imekua. Tangu mwaka 2016, katika nchi ya Rwanda, zimekuwa zikipeleka damu kwa hospitali zilizo mbali, na kuidondosha kwa mwavuli mdogo.

9. Kuiunganisha na kuikagua

Ndege ya redio hununuliwa mara nyingi vipande vipande ndani ya sanduku. Mwenye busara hafungui gundi siku ya kwanza. Husoma karatasi ya maelezo yote, huhesabu vipande, kisha huvijaribu bila gundi aone kama vinaingiana. Gundi ikikauka, kosa limekauka pamoja nayo.

Baada ya kuunganisha, hufuata ukaguzi. Ufanywe kila mara kabla ya kuruka, hata kama jana yote yalikuwa mema:

Ondoa propela wakati wa majaribio ya mezani. Propela inayozunguka haionekani vizuri, na hukata vidole.

Washa sanduku la mkononi kwanza, kisha ndege. Wakati wa kuzima, zima ndege kwanza, kisha sanduku. Ndege isiwe macho hata dakika moja bila bwana wake.

Vuta kila kipande kwa vidole, polepole: bawaba, fimbo, skrubu, waya. Kilicholegea kikazwe.

Pima mizani, betri ikiwa ndani, maana betri ni nzito.

Simama nyuma ya ndege, ujaribu amri. Ukisukuma kishikio kulia, kibawa cha kulia lazima kiinuke, na cha kushoto kishuke. Ukivuta kishikio kwako, kibao cha mkia lazima kiinuke. Ndege nyingi mpya zimevunjika katika safari ya kwanza kwa sababu kibawa kilikwenda kinyume, na mwenyewe hakutazama.

Mwenzako aishike ndege, nawe uende mbali, ukijaribu kama bado inasikia.

Kasoro za ndege hii hutafutwa kwa kufuata njia ya amri, kama mtu anayefuata mfereji kutafuta maji yamepotea wapi. Kama sevo zote zimekufa, anza na betri, kisha waya. Kama sevo moja tu imekufa, betri haina kosa. Tazama waya wa sevo ile. Kama sevo inatetemeka na kulia, huenda fimbo yake inakwama au bawaba ni ngumu. Kama ndege nzima inatetemeka, tazama propela: huenda imepinda au upande mmoja umemeguka. Kama mota inazimika angani, huenda betri imekwisha nguvu.

Neno moja juu ya betri. Betri za ndege hizi ni za jamii moja na zile za simu. Ikichomwa, ikipondwa au ikivimba, inaweza kuwaka moto. Usiichezee, hata ile iliyotupwa jalalani.

10. Michezo ya angani

Tarehe 9 Septemba 1913, huko Kyiv, rubani Pyotr Nesterov aliizungusha ndege yake duara zima, kichwa chini kisha juu tena. Hakuna aliyefanya hivyo kabla yake. Wakubwa wake walimfunga siku kumi kwa kuhatarisha mali ya serikali, ingawa baadaye walimheshimu.

Ndege ndogo ya kucheza namna hiyo ina umbo lake. Mabawa yake hayakuinuka kama ya ndege yetu ya kartoni, yamelala sawa. Tena mgongo wa bawa na tumbo lake ni sawasawa, ili liweze kubeba hata likigeuzwa chini juu. Vibawa vyake ni vipana, na mota yake ina nguvu nyingi.

Lakini kila faida ina bei yake. Ndege ya kartoni ikiyumba hujirudisha yenyewe. Ndege ya kucheza haijirudishi. Hukaa vile ulivyoiweka, hata kichwa chini, hadi uipe amri nyingine. Kwa sababu hiyo haimfai mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mwanzoni mwendo wa vibawa hupunguzwa, na mizani huwekwa mbele kidogo. Mkono ukizoea, ndipo huongezwa kidogo kidogo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako. Ikikurudia, kulia kwake kumekuwa kushoto kwako. Mafundi hufundisha hivi: ndege ikija kwako na bawa moja limeshuka, sukuma kishikio upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unataka kuliinua kwa fimbo. Ndege itasimama sawa.

11. Mahali pa kuirusha

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa si mchezo tena.

Ndege ya redio isirushwe karibu na kiwanja cha ndege, wala chini ya njia za ndege zinazotua. Wewe unaweza kuona kitu kidogo kama kunguru, lakini kunguru wa chuma na betri akiingia katika mashine ya ndege kubwa, watu wanaweza kufa. Huyo anayesafiri ndani yake huenda ni mama yako, au mgonjwa, au daktari.

Tena nchi yetu imeona vita. Chombo kidogo kinacholia juu ya nyumba kinaweza kuwatia watu hofu kubwa, nao askari wanaweza kukidhani cha adui. Kwa hiyo hakirushwi cho chote cha redio pasipo ruhusa ya wenye serikali na watu wa mahali pale.

Hata ndege yako ya kartoni ina mpaka wake. Irushe uwanjani mwa shule. Ikiangukia porini, usiifuate peke yako. Ukiona majanini kitu cha chuma usichokijua, usikiguse, usikitupie jiwe. Rudi ulikopitia, ukawaite watu wakubwa. Kartoni inakatwa tena. Mkono haukatwi mwingine.

12. Fundi mwaminifu

Ndege inapotua Mavivi, kabla haijaruka tena, kuna mtu anayeizunguka polepole. Anatazama magurudumu, anagusa vibawa, anainama chini ya bawa. Wasafiri wengine wanachoka kungoja. Hawajui kwamba maisha yao yako katika macho yake. Akiona kasoro akaificha kwa haraka au kwa haya, hewa haitamwonea huruma. Hewa haipokei maneno, wala udhuru, wala rushwa.

Mwenye Enzi Mungu ameiumba hewa na kanuni zake, naye ametupa akili ya kuzichunguza. Anayetafuta kasoro yake kwa unyofu, huipata akiwa bado chini, ambapo hutengenezwa kwa udongo mdogo kama punje ya mahindi. Asiyeitafuta, ataonyeshwa angani.

Maswali

1. Kwa nini ndege kubwa hukimbia kiwanjani kabla ya kuruka?
2. Kwa nini tunafunga mabawa ya kartoni kwa uzi, wala si kwa gundi?
3. Ndege ilipita vizuri jioni, asubuhi ikaanguka kwa mkia. Ni kitu gani kilichobadilika usiku?
4. Kaka alibadilisha vitu vinne kwa mara moja. Kosa lake lilikuwa nini?
5. Sevo moja haifanyi kazi, lakini nyingine zote ni nzima. Utatazama nini kwanza? Kwa nini hutaanza na betri?
6. Ndege ya redio inakurudia, na bawa moja limeshuka. Utafanyaje?
7. Taja mahali pawili pasipofaa kurushia ndege ya redio, ukaeleze sababu.

Kazi: Unda ndege ya kartoni pamoja na mwenzako. Andikeni katika daftari kila mlichobadilisha, na jinsi ndege ilivyoruka baada yake. Mleteeni mwalimu daftari pamoja na ndege.